Kadi za Tarehe Mosi Januari

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wengi wetu tukiisikia methali hii humfikiria tapeli wa sokoni anayeuza dawa moja ya kutibu kila ugonjwa, au mtoto aliyelamba sukari akakana huku punje zingali midomoni. Hao ni waongo wadogo. Yuko mwongo mwingine ambaye hatuna ujasiri wa kumwita hivyo, nami leo nitamwita kwa jina lake. Ni yule asiyelijua jambo, akaliandika kana kwamba alilijua, kisha akalipigia muhuri. Mtu huyo huvaa tai na husalimiwa kwa mikono miwili. Uwongo wake hauna kelele, na kwa kuwa hauna kelele unaweza kumtoa mjane shambani mwake bila mtu yeyote kupandisha sauti.

Mwaka wa 1971, katika mji wa Nyeri, palikuwa na ofisi ya kumbukumbu za ardhi iliyoongozwa na Bwana Kingori. Ofisi hiyo ilirithi vitabu thelathini na kimoja vya enzi ya mkoloni. Viliandikwa na makarani wa kamati za wazee zilizokuwa zikipima vipande vya mashamba na kuviunganisha katika miaka ya hamsini. Makarani hao hawakuwa na mtindo mmoja. Kuna aliyeandika siku, mwezi na mwaka, kuna aliyeandika mwezi na mwaka, na kuna aliyeandika mwaka peke yake akaendelea na safari yake. Miaka ikapita, vitabu vikachakaa, na amri ikatoka Nairobi kwamba kila shauri lililomo vitabuni liandikiwe kadi, na kadi zipangwe kwa majina ili mtu akiulizia shamba apate jibu upesi.

Kadi ilikuwa na vyumba vitatu vya tarehe: siku, mwezi, mwaka. Vyumba hivyo vitatu ndivyo vilivyoleta balaa.

Aliyepewa kazi ya kuziandika alikuwa Ndila, binti wa Machakos aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Alikuwa na mwandiko mzuri na tabia ya kuuliza, na tabia hiyo ya pili haikumfurahisha mkubwa wake. Siku ya kwanza alikwenda mezani kwa Bwana Kingori akiwa amekumbatia kitabu kifuani.

"Bwana Kingori, hapa wameandika mwaka peke yake. Hakuna siku, hakuna mwezi. Niandike nini?"

"Andika tarehe mosi Januari," Kingori alijibu bila kuinua macho.

"Lakini kitabu haisemi Januari."

"Kama mwezi hakuna, ni Januari. Kama siku hakuna, ni tarehe mosi. Hiyo ndiyo sheria ya hii ofisi."

"Si tungeacha nafasi wazi, tuandike ukurasa na nambari ya shauri? Mtu akitaka kujua zaidi, anafungua kitabu."

Kingori aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu nadhifu mno, suruali yake ikiwa na mkunjo wa pasi toka Jumatatu hadi Jumamosi, na alichukia pengo lolote kuliko alivyochukia kosa. "Msichana, wakubwa wanakuja kukagua mwezi wa sita. Unataka waone kadi iko na mapengo kama mdomo ya mzee? Watasema Kingori ni mvivu. Jaza. Na usiniletee maneno ya kitabu tena, kitabu ni ya zamani."

Ndila alijaza. Sitamsafisha hapa kwa sababu baadaye alitenda vyema. Alijaza kwa mkono wake mwenyewe, mashauri mia moja kwa siku, macho yake yakitafuta jina, shamba na tarehe tu. Mkaguzi alipokuja mwezi wa sita alizifurahia kadi zile, akamshika Kingori mkono mbele ya watu. Baada ya hapo vitabu vilifungwa kwa kamba ya katani, vikatupwa katika stoo ya mabati nyuma ya ofisi vingoje kuchomwa. Kadi zikawa ndizo ukweli wenyewe.

Mwezi wa tisa, mama mmoja aliingia ofisini akiwa ameshika barua kwa ncha za vidole. Jina lake lilikuwa Wamucii, mjane wa Ngatia. Alikuwa akilima ekari tatu ng'ambo ya Kiganjo, na hapo ndipo alipozaa, akalea, akamzika mumewe. Barua ilimtaka atoke katika shamba hilo baada ya siku thelathini, kwa kuwa mwenyewe, Bwana Theuri, sasa alilihitaji.

"Msichana yangu, nisomee tena," alimwambia Ndila. "Pengine mtoto yangu alisoma vibaya."

Ndila alimsomea. Mtoto alikuwa amesoma sawa. Basi akaivuta droo, akaitafuta kadi, akauona mwandiko wake mwenyewe. Muuzaji: Ngatia. Mnunuzi: Theuri. Tarehe: 1 Januari 1958.

Theuri alijulikana kote. Alikuwa na lori mbili zilizobeba nyanya na mchele kutoka Kagio, na zamani hizo za upimaji alikuwa mmoja wa wazee sita wa kamati ya Kiganjo, mdogo wao kwa umri. Wenzake watano walikuwa wamekwisha kufa. Wa mwisho alizikwa mwezi wa tano mwaka uo huo, na matanga yalipokwisha Theuri alikuja ofisini na kofia mkononi kuomba nakala ya kadi yake. Miaka kumi na mitatu hakuthubutu kulitaja shamba lile. Alikuwa akingoja midomo ya wazee ifunikwe udongo.

Ndila alisimama ghafla, na kelele ya kiti chake ikamtoa Bwana Kingori chumbani mwake. Aliichukua kadi, akaitazama, akatabasamu kwa upole ule wa mtu anayejua kwamba hatalala njaa kwa ajili ya jambo lililo mbele yake.

"Mama, bwana yako alikufa lini?"

"Tarehe tisa, mwezi wa tatu, 1958. Ilikuwa Jumapili. Kifua ndiyo ilimmaliza. Niko na karatasi ya kanisa."

"Sasa unaona? Kadi inasema Januari. Januari alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Siwezi kudanganya. Lakini hakuuza shamba! Angeuza aje na mimi nalala hapo?"

"Mama, wanaume hawaambii wanawake kila kitu. Aliuza, akaficha, akakufa. Pole sana."

Pole! Mtu amemtungia maskini tarehe kichwani mwake, kisha anampa pole kwa ajili yake. Wamucii hakulia. Alikunja barua mara nne, akaitia katika kitambaa chake, akasema angekwenda mahakamani hata kama angekwenda kwa miguu. Kesi ikapangiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Ndila hakuweza kula mchana huo. Maneno ya mama yule, "siwezi kudanganya," yalimchoma kwa kuwa yeye alikuwa amedanganya mara mia kadhaa kwa wino wa serikali. Saa tisa alichukua ufunguo wa stoo, akaenda kufungua kamba za katani. Panya walikuwa wameanza karamu yao pembeni, lakini kitabu cha kamati ya Kiganjo kilikuwa kizima. Alikifungua juu ya debe lililogeuzwa, na kwa mara ya kwanza alikisoma badala ya kukinakili.

Kamati ile ilikuwa ikikaa kila Ijumaa. Karani wake aliandika mashauri moja chini ya jingine, kwa nambari, ukurasa hata ukurasa, bila kuruka mstari. Shauri la 211 lilikuwa la Ijumaa, 22 Agosti 1958. Shauri la 213 lilikuwa la Ijumaa, 5 Septemba 1958. Katikati yao, limebanwa bila nafasi ya kupumua, lilikuwa shauri la 212, la mwaka 1958, lisilo na siku wala mwezi: "Ngatia amefika leo mbele ya kamati, ameuza shamba lake kwa Theuri, ametia dole gumba."

Ndila alilisoma mara tatu. Hakuna karani anayeandika shauri la Januari kati ya Agosti na Septemba, na la juu yake halijafutwa wala la chini yake halijasogezwa. Yeyote aliyeacha siku na mwezi katika mstari ule alijua kwa nini anaviacha. Ngatia alikuwa amezikwa mwezi wa tatu. Kwa hiyo katika mwezi wa nane maiti alijikung'uta udongo, akapanda mlima hadi kwenye kamati, akauza shamba alimozikwa, akatia dole gumba, kisha akarudi kulala. Hivyo ndivyo Theuri alivyotaka tuamini. Na kadi ya Bwana Kingori ilikuwa imemfanyia Theuri hisani kubwa kuliko alivyoweza kuiomba: ilimfufua marehemu kwa kuurudisha uuzaji nyuma miezi minane.

Machozi ya hasira yalimtoka binti yule. Alikibeba kitabu moja kwa moja hadi mezani kwa mkubwa wake, akamwonyesha mistari mitatu kwa kidole. Nitakuwa mkweli: Kingori hakuwa mjinga. Alielewa mara moja.

"Umeonyesha nani hii?"

"Hakuna mtu. Nimeleta kwako kwanza, Bwana. Tubadilishe kadi tu. Tuandike, kati ya Agosti na Septemba."

"Tukibadilisha hii moja, watauliza zingine. Unajua ziko ngapi za tarehe mosi Januari?"

"Mia nne na kumi. Nimehesabu."

"Basi unataka niambie Nairobi nilibuni tarehe mia nne na kumi? Baada ya mkaguzi kunishika mkono?" Alisimama, akaufunga mlango, sauti ikashuka. "Rudisha kitabu stoo. Mwisho wa mwezi zinachomwa zote. Huyo mama aende mahakama. Mahakama itauliza kadi, na kadi itajibu."

"Lakini Bwana, unajua kadi ni uwongo."

"Kuna ofisi mpakani inatafuta karani," Kingori alisema polepole. "Mahali pa joto sana. Ukipenda nitapeleka jina yako."

Tangu saa ile Kingori hakuwa tena mtu asiyejua. Alijua, naye alichagua usafi wa kadi zake kuliko nyumba ya mjane. Hakuhongwa hata senti, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mla rushwa angalau ana njaa ya kitu. Huyu alimtoa mwenzake kafara ili asionekane amewahi kuacha nafasi wazi.

Ndila alirudisha kitabu kama alivyoamriwa. Jioni, wafanyakazi walipotawanyika, alitembea hadi Kiganjo, akamkuta Wamucii akipalilia viazi kana kwamba hakuna barua duniani.

"Mama, sina maneno mengi," alisema. "Siku ya kesi, usibishane na kadi. Omba hakimu aitishe kitabu ya kamati. Sema, kitabu ya Kiganjo, shauri mia mbili na kumi na mbili. Useme pia ile ya juu na ile ya chini isomwe."

"Na wewe watakufanya nini wakijua?"

"Mimi ndiye niliandika hiyo kadi, Mama. Ni mkono yangu."

Wamucii aliliegemea jembe lake. Hakumwambia asante wala hakumtukana. Alirudia tu nambari ile kwa sauti, mia mbili na kumi na mbili, mpaka alipoishika.

Alhamisi ilifika. Mahakama ilijaa, maana habari za ardhi huko kwetu hazihitaji mpiga mbiu. Hakimu alikuwa Bwana Masinde, mtu wa Bungoma, mnene, mwenye subira ya mfugaji wa nyuki. Theuri aliapa, akasimama akiwa amejaa koti lake.

"Nilinunua hii shamba tarehe mosi Januari, 1958," alisema. "Nakumbuka vizuri kabisa. Ilikuwa asubuhi, baridi nyingi. Ngatia alikuja mwenyewe mbele ya kamati, tukasalimiana, akaweka kidole."

"Tarehe mosi Januari," hakimu alirudia akiandika. "Siku ya mwaka mpya. Serikali yote ilikuwa imefunga, lakini kamati ya Kiganjo ilikaa?"

"Kazi ilikuwa mingi, Mheshimiwa. Sisi hatukuwa watu wa kupumzika."

Watu walicheka kidogo. Bwana Kingori aliitwa kama shahidi wa serikali, akaileta kadi, akaisoma kwa sauti safi. Ilikuwa vile vile: mosi Januari. Theuri alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Zamu ya Wamucii ilipofika, alisimama na kitambaa chake mkononi. "Mheshimiwa, mimi sikusoma. Sina lori na sina kadi. Naomba kitu moja tu. Naomba kitabu ya kamati ya Kiganjo, shauri mia mbili na kumi na mbili. Isomwe pamoja na ile ya juu na ile ya chini."

Kingori aliruka kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa, hizo vitabu ni kuukuu sana. Mchwa imekula."

"Basi niletee huyo mchwa, nimwulize alisoma nini," hakimu akasema. Alimtuma askari wa mahakama, akaagiza karani wa ofisi aende naye kufungua stoo. Saa saba na robo Ndila aliingia mahakamani amebeba kitabu, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, asimtazame Kingori hata mara moja.

Hakimu Masinde alisoma shauri la 211, na tarehe yake. Akasoma la 212. Akasoma la 213, na tarehe yake. Alirudi nyuma kurasa kumi, akaenda mbele kurasa kumi, akaona zote zinakwenda kwa mpango, Ijumaa baada ya Ijumaa. Kisha akaiomba karatasi ya kanisa, akaiweka kando ya kitabu.

"Bwana Kingori. Kitabu imesema Januari mahali gani?"

"Haijasema, Mheshimiwa."

"Kuna mzee alikuambia ni Januari?"

"Hapana."

"Kwa hivyo hii tarehe mosi Januari ilitoka wapi?"

Kingori aliilegeza tai yake. Mwishowe alisema, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, kwamba ni yeye aliyeitia, kwa kuwa nafasi ilikuwa tupu.

"Uliitia lini?"

"Mwaka huu, Mheshimiwa. Mwezi wa pili."

Hakimu aligeuza kiti chake taratibu hadi akamkabili Theuri. "Mzee Theuri. Hii tarehe ilizaliwa mwaka huu, mwezi wa pili, kwa meza ya Bwana Kingori. Haikuwa kwa kitabu na haikuwa kwa kichwa ya mtu yeyote. Lakini wewe umeapa hapa kwamba unaikumbuka kutoka 1958, pamoja na baridi yake. Hebu nieleze, uliikumbuka aje kabla haijatungwa?"

Theuri alitazama dari. Alitazama kofia yake. Jasho lilimtiririka mtu aliyetuambia habari za baridi. Akasema pengine ilikuwa Agosti, amekumbuka vibaya, umri umeenda. Neno lile ndilo lililommaliza, maana Agosti alikuwa amenunua shamba kwa maiti. Yeye mwenyewe alilitambua alipokwisha kulitamka, akakaa chini bila kuruhusiwa.

Kabla ya saa tisa hukumu ilikuwa imesomwa. Shamba ni la Wamucii na watoto wake. Theuri alichukuliwa na polisi kwa kuapa uwongo na kughushi. Kadi zote mia nne na kumi ziliamriwa kuandikwa upya, kila moja ikiwa na ukurasa na nambari ya shauri, na mahali pasipojulikana paachwe wazi. Hakimu aliamuru pia kitabu kisichomwe hata kimoja, na Bwana Kingori aziandike kadi hizo kwa mkono wake mwenyewe, chini ya macho ya Ndila.

Nje ya mahakama Kingori alimfuata Wamucii, tai yake ikiwa imelegea. "Mama, pole sana. Mimi sikujua..."

"Usiniambie pole!" Wamucii alimgeukia, na sauti aliyokuwa ameizuia siku zote zile ikatoka, watu barabarani wakasimama. "Hukujua? Basi ungeandika hivyo! Sijui! Hiyo ni neno moja tu, hata mimi ambaye sikusoma naijua. Mimi na watoto yangu tungelala kwa barabara kwa sababu wewe uliona haya kusema hujui!"

Theuri alikuwa ameutunza uwongo wake kwa miaka kumi na mitatu, akingoja mashahidi wafe, na Kingori aliupa wake muhuri, kadi nadhifu na mkono wa mkaguzi. Lakini waongo wote wawili waliingia mahakamani asubuhi, na kabla jua halijatua walikuwa wamefika mwisho wa safari yao. Hakika njia ya mwongo ni fupi.